MF 135: alama za pampu zimekutana sawasawa, mbona moshi mweupe na nguvu hakuna?

#1 Shamba_Langobaya

Salaam aleikum wadau, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Nina trekta la Massey Ferguson 135 aliloniachia marehemu baba. Injini ni Perkins ya silinda tatu, AD3.152, na pampu ya dizeli ni CAV aina ya DPA. Kabla ya kiangazi kuisha oili ya injini ilianza kupanda badala ya kushuka, na ukikinusa kijiti cha kupimia oili unasikia dizeli tupu. Fundi mmoja akaniambia sili ya shafti ya pampu imekufa, dizeli inavujia ndani ya kesi ya gia na kuteremka hadi kwenye oili. Nikaifungua pampu, nikaipeleka mjini kwa watu wa pampu, ikarudi imepakwa rangi inang'aa.

Nimeifunga. Mstari uliochongwa kwenye flanji ya pampu (ule ukingo wa kuifungia) nimeukutanisha na mstari wa kwenye kesi, hata unywele haupiti kati yake. Hewa nimetoa. Lakini asubuhi stata inalia mpaka betri inataka kukata roho ndipo injini iwake, na ikiwaka ni moshi mweupe unaowasha macho hadi kuku wanahama uani. Ikipata moto moshi unapungua, ila nguvu hakuna. Plau ya visahani viwili, ambayo zamani ilikuwa ikivutwa kwa gia ya tatu shamba zima, sasa inazima pale ardhi inapopanda ukitoka mtoni Sabaki. Maji nayo yanachemka. Na kitu kingine: sauti imekuwa pole. Ule mlio wa kugonga wa Perkins tuliouzoea, ka-ka-ka, hausikiki.

Masika hayo yanabisha hodi na majirani wote wanataka kulimiwa. Ni taimingi, yaani wakati wa pampu kusukuma dizeli, au nitafute kwingine?

#2 Kijana_wa_Ganda

Washa injini, legeza nati tatu za pampu, izungushe taratibu mpaka sauti ikae. Ikikaa, kaza. Mambo ya alama ni ya vitabu hayo.

#3 FundiSabaki

Kijana wa Ganda, pistoni ya mtu ikitoboka utalipa wewe?

Langobaya, kabla hujaigusa pampu nijibu haya. Filta za dizeli umebadilisha au zilezile? Lile bakuli la kukusanyia maji lina nini chini? Ukiachia mpini wa lifti pampu (ile ndogo ya kuvuta dizeli tangini) baada ya kupampu, dizeli inakaa au inarudi tangini? Injekta zilipimwa zilipotoka, au pampu peke yake ndiyo iliyokwenda mjini? Tapeti (nafasi za valvu) mara ya mwisho zilipimwa lini? Na oili iliyochanganyika na dizeli ulimwaga yote ukatia mpya? Hilo la mwisho usilipuuze, oili iliyokonda kwa dizeli inakula beringi kimyakimya huku wewe umeshughulika na moshi.

Nauliza kwa sababu moshi mweupe una baba wengi. Hewa kwenye bomba, nozeli (ncha ya injekta) inayodondosha badala ya kunyunyiza, kompresheni iliyochoka, tapeti zilizobana mpaka valvu haifungi, gasketi ya hedi inayopitisha maji, na taimingi. Ukikimbilia pampu kwanza, hutajua ulichokitibu.

#4 Mama_Trekta

Mwanangu Langobaya, pole. Mimi huku Kakuyuni nina Massey 240, injini ni hiyohiyo ya kwako. Nilipoona moshi mweupe ilikuwa nozeli mbili zinakojoa. Zilipimwa, zikabadilishwa, pampu haikuguswa. Msikilize fundi, ujibu maswali yake moja moja, usiruke.

#5 Shamba_Langobaya

Ahsante mama. Mzee FundiSabaki, majibu haya:

Filta zote mbili mpya. Bakuli nimelisafisha, lilikuwa na tone la maji na kutu kidogo. Lifti pampu inashika, nimeiacha usiku kucha na asubuhi dizeli ilikuwa bado juu. Injekta zilikwenda pamoja na pampu, nilisimama mbele ya mashine nikaona zinanyunyiza ukungu, hazidondoshi. Tapeti nimezipima kwa fila geji, 0.30 mm injini ikiwa baridi, kama kitabu kinavyosema. Oili nimemwaga yote pamoja na filta yake. Maji ya rejeta hayapungui usiku, na oili haina rangi ya maziwa.

Kompresheni sina kipimo, lakini kabla pampu haijatolewa trekta liliwaka kwa mguso mmoja na lilikuwa linavuta. Silinda tatu hazichoki zote siku moja.

#6 Dizeli_Msabaha

Basi ni taimingi imechelewa, na dalili umezitaja mwenyewe: moshi mweupe, nguvu kupotea, maji kuchemka, sauti pole. Ikiwahi mno ungesikia kinyume chake, inagonga kama nyundo na stata inarushwa nyuma.

Njia rahisi: fungua bomba la silinda namba 1 pale kwenye pampu, toa valvu ndogo ya ndani na springi yake, funga kibomba kilichopinda, sukuma dizeli huku ukizungusha injini kwa mkono. Dizeli inapoacha kutiririka na kubaki tone, hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma. Linganisha na digrii za kitabu.

#7 FundiSabaki

Dizeli_Msabaha, utambuzi wako uko sawa, ila dawa uliyoandika ni ya mgonjwa mwingine. Hiyo njia ya tone ni ya pampu za safu, zile zenye pistoni moja kwa kila silinda, kama Simms iliyo kwenye Ford 5000. DPA haiko hivyo. Ndani yake mna rota moja inayozunguka, jozi moja ya vipistoni inayobanwa na ringi ya kemu, na rota yenyewe inagawa dizeli kwa silinda zamu kwa zamu. Ukianza kufungua vitu kwenye kichwa chake kutafuta valvu ya kutoa, utaiharibu.

Langobaya, nimeridhika na majibu yako. Sasa tuongee taimingi, na nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu naona wengi wanasoma kimya.

Kwanza kinachotokea. Dizeli haiwashwi na plagi, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa, na inahitaji muda mfupi tangu inyunyizwe hadi ishike moto. Ndiyo maana inanyunyizwa digrii kadhaa kabla pistoni haijafika topu, yaani mwisho wake wa juu, ili msukumo ukolee pistoni inapoanza kushuka. Ukichelewa, ni kama kumsukuma mtoto wa bembea ambaye ameshakwenda: mkono unamfuata tu, haumwongezei kitu. Moto unaungulia ukutani mwa silinda na kwenye ekzosi, ndiyo maana maji yanachemka. Na injini ikiwa baridi, sehemu ya dizeli haipati joto la kutosha, inatoka mbichi. Huo ndio moshi mweupe unaowasha macho. Mtu wa Limuru anaweza kusingizia baridi ya asubuhi, sisi Malindi tutamsingizia nani?

Ukiwahisha mno, msukumo unamkuta pistoni bado anapanda. Kugonga, beringi kupigwa, gasketi ya hedi kuungua, pistoni kupasuka. Na ubaya wake ni kwamba injini iliyowahishwa kidogo kupita kiasi inasikika kali na yenye hamu, mtu anafurahi. Ndiyo maana sipendi njia ya sikio, kijana wangu wa Ganda. Sikio linapenda kosa hilohilo.

Halafu kuna hesabu. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krankishafti, shafti kuu ya injini. Digrii 1 kwenye pampu ni digrii 2 kwenye injini. Flanji yenye nusu-kipenyo cha sentimita 5, ukiisogeza milimita 1, umesogeza kiasi cha digrii 1 ya pampu, yaani digrii 2 na ushei za injini. Sasa mtu analegeza nati injini ikinguruma, mabomba ya chuma yanavuta huku na huku, pampu inaruka milimita 3, naye anasema amesogeza "kidogo".

#8 Kijana_wa_Ganda

Mzee sikatai, lakini marehemu babu yangu alizitengeneza lori za Bedford kwa sikio maisha yake yote na hakutoboa pistoni.

#9 FundiSabaki

Babu yako Mungu amrehemu, nami niliwaona mafundi wa namna hiyo. Alikuwa na sikio la miaka arobaini na alijua injini ile inavyolia ikiwa nzima. Langobaya hana hilo sikio, na wewe bado.

#10 Shamba_Langobaya

Mzee wangu, nimeelewa. Lakini kinachonitatiza ni kimoja: alama zimekutana. Kama mstari wa pampu na mstari wa kesi vimekutana, taimingi inachelewaje?

#11 FundiSabaki

Hapo ndipo penyewe.

Mstari wa flanji hauna akili. Unakuonyesha tu kwamba mwili wa pampu umekaa mahali fulani. Unaaminika ikiwa mambo mengine matatu yako sawa: gia zimeshikana inavyotakiwa, mstari wa kwenye kesi ni wa injini hiyo, na mstari wa kwenye flanji ulichongwa kwa ajili ya pampu hiyo ikiwa na viungo vyake vya ndani.

Gia: uliifungua kesi ya mbele? Kama ulifungua bolti za gia ya pampu kupitia kile kidirisha cha mbele tu na gia haikutoka, basi haikuruka jino. Na usiogope ukichungulia ukaona alama za gia hazikutani. Gia ya katikati ina idadi ya meno ambayo hufanya alama zikutane mara moja tu kwa mizunguko mingi. Watu wamefumua injini nzima kwa kutojua hilo.

Pampu: ndani, chini ya kifuniko kidogo cha ubavuni chenye skrubu mbili, mna bamba linalozunguka na rota, limechongwa herufi kadhaa, kila moja na mstari wake. Pembeni yake mna klipu ya duara, ile ya kubanwa kwa koleo, yenye ncha iliyonyooka au yenye mkwaruzo. Injini ikiwa kwenye digrii zake za kunyunyiza silinda namba 1, herufi inayohusika inatakiwa itazamane na mkwaruzo wa klipu. Hiyo ndiyo alama ya kweli. Mstari wa nje ni mjumbe wake tu.

Na sasa swali langu: pampu iliyorudi ni ileile iliyokwenda?

#12 Shamba_Langobaya

Mzee umenishtua. Nimetoka na tochi sasa hivi kuangalia. Kibao cha namba ni kilekile cha baba, lakini kimepigwa ribiti mpya. Na chini ya rangi naona mwili wa pampu una tundu moja la nati limelika, la kwangu halikuwa hivyo. Nimewapigia wakasema mwili wa kwangu ulikuwa na ufa, wakahamishia viungo vyangu kwenye mwili mwingine. Hawakuniambia siku ya kuchukua!

#13 Mama_Trekta

Loo! Wangeandika hata kwenye risiti.

#14 FundiSabaki

Kuhamisha viungo si dhambi, mwili wenye ufa hauponi. Ila mwili ule ulitoka kwenye pampu ya injini nyingine, na mstari wa flanji ulichongwa kwa injini hiyo. DPA ya matundu matatu haikufungwa kwenye Perkins pekee. Walitakiwa waichonge upya kwa geji ya taimingi, wafute mstari wa zamani. Basi wewe umekutanisha mstari wako na mstari wa watu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuirudisha waichonge, na hawana haki ya kukudai senti. Ya pili ni kuifanya mwenyewe kwa alama ya ndani. Ukichagua ya pili, fuata hivi.

Kata waya wa betri. Weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe huru. Toa injekta zote, injini izunguke kwa spana ya nati ya puli bila kupigana na kompresheni, na utazame zisiingie mchanga. Safisha pampu nje kwa brashi na dizeli mpaka iwe safi ya kutosha kulia chakula juu yake, kwa sababu unaenda kuifungua kifuniko, na punje moja ya mchanga wa Langobaya ndani ya DPA ni kwaheri rota.

Kisha tafuta topu ya namba 1, pistoni ikiwa kwenye kubana. Wenye silinda nne wana raha, wanatazama valvu za namba 4 zikipishana. Silinda tatu haina mwenzake wa kumtazama. Fungua kifuniko cha tapeti, zungusha injini upande wake wa kawaida, tazama valvu ya kuingiza hewa ya namba 1 inavyofunguka kisha kufunga. Ikishafunga, pistoni anayepanda sasa ndiye unayemtaka. Ukiziba tundu la injekta kwa kidole utasikia pumzi inasukuma.

Topu yenyewe usiikadirie kwa jicho. Pistoni akifika juu anakaa kama amesimama kwa digrii kadhaa, na hizo digrii ndizo tunazogombania. Njia ya Perkins yenyewe ni kufungua springi za valvu moja ya namba 1, kuiacha valvu ikae juu ya pistoni, na kuweka saa ya kupimia (geji yenye mshale) kwenye ncha yake. Kabla ya kutoa springi, pistoni awe juu kabisa, na ufunge mpira au kamba kwenye shina la valvu isije ikatumbukia ndani. Weka alama ya chaki kwenye puli saa inapoonyesha kiasi fulani kabla ya topu, kisha alama nyingine inapoonyesha kiasi hichohicho baada ya topu. Katikati ya alama hizo mbili ndipo topu. Hakuna mahali pengine.

Ukishapata topu, digrii zigeuze kuwa milimita. Tuseme puli ina kipenyo cha milimita 160. Mzingo wake ni kama milimita 503, ugawe kwa 360, kila digrii ni milimita 1.4. Kama kitabu kingesema 20 kabla ya topu, ungepima milimita 28. Huo ni mfano! Usije ukaandika 20 ukutani. Perkins hiihii ya inchi za ujazo 152 ilitoka na mipangilio tofauti kulingana na namba ya injini na namba ya pampu, na herufi ya ndani vilevile. Tafuta kwa namba zako.

Funga tena springi za valvu. Rudisha injini nyuma upite alama hiyo kwa robo mzunguko, kisha iendeshe mbele taratibu mpaka ifike. Usiifikie kwa kurudi nyuma, ulegevu wa gia utakudanganya. Ukiipita, rudi tena mbali uanze.

Hapo sasa fungua kifuniko cha ubavuni. Kina waya na lakiri ya risasi, itavunjika, hakuna njia. Dizeli kidogo itamwagika. Tazama herufi na klipu. Legeza nati tatu za flanji na nati za mabomba, sogeza mwili wa pampu mpaka vitazamane, kaza. Kuwahisha ni kuzungusha mwili kinyume cha mzunguko wa shafti. Mshale wa mzunguko uko kwenye kibao, ila kibao chako kimehamishwa, kwa hiyo thibitisha kwa macho bamba la ndani linazunguka upande gani.

Na ukiwa umefungua hapo, skrubu na vibamba vingine utakavyoviona usiviguse. Kimoja kati yake ndicho kinachozuia mafuta yasizidi. Kuna watu "huongeza nguvu" hapo, kisha wanaomba ushauri kwa nini trekta linatoa moshi mweusi na pistoni zimeyeyuka.

#15 Nahodha_Shela

Ami FundiSabaki, ahsante kwa darsa. Nasoma kutoka Lamu. Sisi kwenye mashua tuna mashine za silinda moja, na pampu imelala juu ya kemu ya injini, haizunguki hata ukiilegeza. Sasa yetu inawahishwaje? Fundi wetu huweka karatasi za bati chini ya pampu lakini hasemi kwa nini.

#16 Dizeli_Msabaha

Nahodha, huko kwenu ndiko njia yangu ya tone inakofanya kazi, mzee asije akanifukuza tena. Hizo bati chini ya pampu ndizo taimingi yenyewe. Ukiongeza bati, pampu inainuka, kemu inachelewa kuifikia, dizeli inachelewa. Ukipunguza, inawahi. Fundi wako akifungua pampu, hesabu bati zake na uhakikishe zinarudi zilezile, unene uleule. Wengine huweka gasketi ya kukata na mkasi kutoka kwenye boksi la sabuni halafu wanashangaa mashine inagoma kuwaka katikati ya mlango wa bahari.

#17 FundiSabaki

Hapo sikufukuzi, umesema kweli. Ukikaza pampu hiyo, Nahodha, zungusha injini kwa mkono kwanza duru mbili kamili kabla ya kuwasha, uhakikishe hakuna kinachobana.

#18 Chumvi_Gongoni

Naongezea kwa mtu wa Langobaya. Sisi huku kwenye mashamba ya chumvi matrekta yanavuta tela mchana kutwa, na DPA zinakufa kwa mambo mawili: maji na mafuta ya taa. Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Tangi likilala nusu, hewa ya pwani inatoa jasho ndani yake, na maji hayo yanakwenda kuila rota kutu. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Na dizeli ya mtungi kando ya njia, iliyochanganywa mafuta ya taa, inakausha pampu. Tangu serikali iweke ushuru wa shilingi 18 kwa lita kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 mchezo huo ulipungua, lakini dizeli ya bei ya huruma bado ninaikwepa.

#19 Kijana_wa_Ganda

Swali la heri mzee, sibishani tena. Kuna pampu inayokaa sawa kwa alama zote lakini ikiwa kazini inachelewa?

#20 FundiSabaki

Swali zuri hilo. Ipo. Baadhi ya DPA zina kifaa chini ya tumbo kinachowahisha dizeli chenyewe injini inapoongeza mwendo au mzigo unapobadilika. Ni kipistoni kinachosukumwa na dizeli dhidi ya springi. Kikikwama kwa kutu, taimingi ya kusimama itakuwa sahihi na ya kukimbia itakuwa mbaya. Hiyo huioni kwa klipu, inapimwa kwenye mashine ya pampu, au kwa taa ya taimingi yenye klipu ya kubana bomba la injekta. Kwa Langobaya sidhani, tatizo lake liko hata stata inapozunguka.

#21 Shamba_Langobaya

Wadau nimerudi. Tumeshinda nayo mimi na mdogo wangu, chini ya mwembe.

Topu tuliipata kwa valvu kama mzee alivyosema. Saa ya kupimia nimeazima kwa jamaa anayechonga vyuma mjini. Kwa macho, mimi ningeapa topu iko mbele zaidi. Namba za injini nilizitafutia kitabu chake, nikapata digrii na herufi, nikapima kwenye puli. Nilipofungua kifuniko, herufi ilikuwa haijafika kwenye klipu kabisa, bado ina safari. Mwili wa pampu umesogea karibu milimita 3, ukielekea upande wa injini. Nati zimebaki na nafasi ndogo mwisho wa mianya.

Tukatoa hewa: filta kwanza, kisha skrubu ya ubavuni mwa pampu, kisha ya juu kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti mwendo), mwisho nati za injekta. Mpini wa lifti pampu ulikuwa haufanyi kazi, nikakumbuka kuzungusha injini kidogo kwa sababu kemu ilikuwa imeuinua, ukarudi. Ikawaka mara moja! Moshi mweupe kidogo wa mwanzo na ukakatika. Ka-ka-ka imerudi, jirani amekuja kuuliza kama nimenunua lingine.

Ila shambani, plau ikizama, natoa moshi mweusi. Nguvu ipo, gia ya tatu inapanda ile ardhi, lakini moshi ni mweusi. Nipunguze taimingi kidogo?

#22 FundiSabaki

Usiguse! Milimita 3 kwako ni kiasi cha digrii 7 za injini, ulikuwa umechelewa hasa, sasa uko pake. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kabla hujamtuhumu mtu, fungua kile kikombe cha oili chini ya kisafisha hewa. Kwa vumbi la Langobaya kabla ya mvua nadhani utakuta tope.

#23 Shamba_Langobaya

Mzee, si tope, ni uji wa mtama. Nimekiosha kwa dizeli, nimetia oili mpya hadi kwenye alama, na wavu wa juu nimeusuuza pia. Moshi umepungua sana, unaonekana tu plau inapokutana na kisiki cha mkorosho.

#24 Mama_Trekta

Alhamdulillahi. Mwanangu, usiwarudishie hao watu wa mjini tabasamu tu. Wadai wakulipie muda wako, au angalau wakutilie lakiri mpya bure.

#25 FundiSabaki

Na la mwisho kabla hujapanda kitini. Chukua patasi ndogo na nyundo, pampu ikiwa imekazwa hapo ilipo, chonga mstari mpya kwenye flanji ukitazamana na mstari wa kesi. Ule mstari wa zamani wa flanji ufute kwa tupa mpaka usionekane hata ukipapasa kwa ukucha. Kibao nacho kiandikie pembeni kwa rangi digrii na herufi uliyoipata.

#26 Nahodha_Shela

Ami, nimehesabu bati za mashine yangu. Ziko tano, na mbili kati yake ni za kopo la maziwa. Nifanyeje?

#27 Dizeli_Msabaha

Fungua uzi wako, Nahodha, uweke na picha. Na mashine usiiwashe kwanza.